Kiduha cha Moyoni: Kwa Nini Naungama Dhambi Ile Ile?



Kijana mmoja wa kwaya alinifuata baada ya Misa. "Frateri, naona aibu kwenda kitubio. Padre atasikia yale yale ya mwezi uliopita. Bora nisubiri kwanza niache kabisa, ndiyo niende." Tatizo lake lilikuwa picha chafu kwenye simu. Ameniruhusu niliandike bila kumtaja.

Lako linaweza kuwa hasira, pombe, uongo au kusengenya. Lakini hilo wazo la "bora nisubiri" wengi tunalijua, hata mimi. Tuliangalie vizuri, maana linawatoa vijana kwenye sakramenti kimya kimya.

Somo la shamba la mtama

Huku kwetu Singida mkulima wa mtama anakijua kiduha. Ni gugu dogo lenye maua ya kupendeza, mekundu au ya zambarau. Mgeni anaweza hata kuyasifia. Kumbe chini ya udongo limeshika mizizi ya mtama na kuinyonya. Ukiliona juu, hasara ilishaanza zamani.

Nikiwa mdogo niliyang'oa shambani kwa babu, nikajua kazi imeisha. Mwaka uliofuata yakarudi. Babu akacheka: "Ulichong'oa ni mmea. Mbegu bado ziko chini." Ni kweli. Kiduha kimoja hutoa maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, na zinaweza kukaa ardhini hata miaka 10 zikiwa hai. Tena haziamki ovyo. Zinasubiri mzizi wa mtama usogee karibu.

Je, babu alikosea kuniambia ning'oe? Hapana. Nisingeng'oa, mbegu zingeongezeka.

Kusamehewa na kupona

Ukiungama kwa majuto ya kweli, dhambi imesamehewa. Haijafunikwa tu, imeondolewa. Lakini mazoea uliyoyajenga kwa miaka mitatu hayaondoki yote siku hiyo. Mtaguso wa Trento ulifundisha mwaka 1546 kwamba hata baada ya Ubatizo, ule mwelekeo wa kuvutwa na dhambi unabaki ndani yetu. Huo wenyewe si dhambi usipoukubali. Umeachwa ili tupambane nao kwa neema ya Kristo. Katekisimu inalirudia hilo katika namba 1264 na 1426.

Mwangalie Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa Tagaste, leo nchini Algeria. Alibatizwa Pasaka ya mwaka 387. Miaka kama kumi baadaye, akiwa tayari askofu, aliandika katika *Maungamo* yake kwamba picha za maisha ya zamani bado zilimjia usingizini. Askofu! Hakujificha wala hakukata tamaa. Alimwomba Mungu aendelee kumponya.

Kwa hiyo kishawishi kikirudi, si ushahidi kwamba kitubio chako kilikuwa cha uongo.

Tufanye nini?

*Ng'oa kabla hakijatoa mbegu.* Kila siku unayosubiri, zoea linazaa. Ukianguka Jumatatu, tubu Jumatatu hiyo hiyo kwa moyo, kisha nenda kitubio mapema. Yaani, anayesubiri apone ndipo aende kwa daktari, huyo hajaelewa kazi ya daktari.

*Badilisha zao.* Wakulima hupanda kunde au karanga mahali palipokuwa na mtama. Mbegu ya kiduha inaamka, haipati mzizi wa kunyonya, inakufa. Aristotle aliona kwamba tabia hujengwa kwa matendo yanayorudiwa, na Mtakatifu Thoma wa Akwino akafundisha kwamba tabia mbaya hudhoofishwa na matendo yaliyo kinyume chake. Basi usiseme tu "sitafanya". Panda kitu pale. Simu ilale sebuleni, mkononi ushike rozari. Hamu itakuja, ikute hakuna pa kushika.

*Tia samadi.* Kiduha hupenda udongo uliochoka. Jichunguze: unaanguka ukiwa na hali gani? Mara nyingi ni usiku, una upweke, hujasali siku tatu. Ekaristi, Neno la Mungu na rafiki mmoja mkweli ndiyo samadi yako.

Lakini tusidanganyane. Kukua polepole si ruhusa ya kuendelea. Mtakatifu Yohane Paulo II alionya mwaka 1981, katika *Familiaris Consortio*, kwamba amri ya Mungu haishushwi ilingane na udhaifu wa kila mtu. Sisi ndio tunaopanda hatua kwa hatua kuifikia. Mkulima mvumilivu si mkulima mvivu.

Yule kijana alikwenda kitubio Jumamosi ile. Baada ya wiki tatu akaanguka, akarudi tena. Juzi aliniambia: "Frateri, bado napigana. Ila siku hizi nikianguka silali hapo." Huko ndiko kukua, ndugu yangu.

Jiulize: Ni dhambi gani umeacha kuiungama kwa sababu ya aibu? Utapanda nini mahali pake wiki hii?

Tusali: Ee Yesu, mkulima wa roho yangu, wewe waziona mbegu nisizoziona. Nipe unyenyekevu wa kurudi kwako kila nikianguka, na uvumilivu wa kungoja mavuno yako. Amina.