Kusuka na Kufuma: Funzo Nililolipata Wandegeya

Jina la Wandegeya latokana na neno la Kiganda "endegeya", yaani mnana, ndege ambao zamani walijaa katika miti ya mahali hapo, chini ya kilima cha Makerere. Nami hapo ndipo nilipojifunza kusuka, kwa hiyo napenda kuwaeleza wenzangu, walioko shuleni na waliokwisha kutoka, habari za kazi hii.

Kwanza, tusichanganye kusuka na kufuma. Mkeka husukwa kwa ukindu. Majani machanga hukatwa, huanikwa juani mpaka yawe meupe, huchanwa, na mengine huchemshwa katika rangi. Husukwa ukili mrefu, kisha vipande vyake hushonwa ubavu kwa ubavu. Ama nguo hufumwa katika kitanda cha mfumi: nyuzi za mtande hukazwa kwa urefu, na mshindio hupitishwa kati yake, juu na chini.

Sufu hutaka kusokotwa kwanza. Kila unywele wake una magamba madogo sana, nayo hushikana. Tena una mawimbi yanayozuia hewa, ndiyo maana sufu hutia joto. Iliyo ghali ni ile laini iotayo chini ya manyoya ya mbuzi wa Mongolia na Uchina. Huchanwa kwa kitana baridi inapokwisha, na mbuzi mmoja hatoi zaidi sana ya gramu 200 kwa mwaka.

Nyanya yangu alisuka mikeka ili kulipa karo yangu. Muhula mmoja ulibaki mkeka mmoja tu kuitimiza, nikamsaidia. Nilisuka ukili jioni tatu. Akauvuta kidogo, ukalegea, akaufumua wote.

Nikasema, "Jajja, mnunuzi hataona, na karo yatakiwa kesho kutwa."

Akajibu, "Ataona akisha kuukalia, mjukuu wangu. Na mwakani atanunua kwa mwingine."

Nilikosa masomo juma zima, tukausuka upya. Mnunuzi aliupenda, na baadaye akarudi kutaka wa pili.

Mnana dume hufuma kiota kwa majani mabichi, kisha jike huja kukikagua. Asipokipenda, dume hukibomoa na kuanza tena. Zamani nilimcheka ndege huyo kwa kupoteza kazi yake. Sasa simcheki.