Vyuo Kumi na Vinne, na Kimoja Kilichoachwa

Msomaji wa safu hii, binti wa miaka 24 aliyetoka Kenya na wazazi wake akiwa mdogo na sasa ni mkaazi wa kudumu wa jimbo la Minnesota, Marekani, anataka kujua aombe nafasi katika vyuo vingapi vya udaktari wa wanyama. Barua yake ni ndefu na imejaa alama za digrii yake ya biolojia pamoja na saa alizojitolea katika zahanati ya mbwa na paka. Hapa imefupishwa, kwa sababu alama hizo ni nzuri na hazihitaji wakili. Orodha yake ina vyuo 14, kuanzia Davis huko California na Cornell huko New York hadi Tuskegee huko Alabama na Gainesville huko Florida, naye anauliza kama ni vingi mno au bado ni vichache.

Jibu la hesabu ni jepesi. Maombi mengi ya fani hii hupitia VMCAS, yaani mfumo wa pamoja ambamo mwombaji hujaza fomu moja ikapelekwa kwa vyuo vyote alivyovichagua, na ada yake ni zaidi ya dola 200 kwa chuo cha kwanza na zaidi ya dola 100 kwa kila kinachofuata, bila kuhesabu ada za ziada ambazo vyuo vingi hudai vyenyewe. Vyuo 14 kwa hiyo vitamla zaidi ya dola 1,500 kabla hajaitwa kwenye usaili hata mmoja. Vitano au sita vilivyochaguliwa kwa makini vinamtosha, mradi kila kimoja kiwe na ithibati, ambayo ni kibali cha ubora wa mafunzo kinachotolewa na chama cha madaktari wa wanyama cha nchi hiyo.

Hata hivyo, katika orodha yote hiyo hakimo Chuo Kikuu cha Minnesota, ambacho shule yake ya udaktari wa wanyama ipo St. Paul, mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka nyumbani kwao. Havimo pia Iowa State wala chuo cha Madison, Wisconsin, vilivyo katika majimbo jirani. Binti aliyehesabu saa zake za kujitolea hadi ya mwisho hawezi kusahau chuo kilicho mlangoni pake, na sababu ya kukiacha imejificha katika sentensi moja ya ukurasa wa tatu, anapoeleza kwamba hufanya zamu ya usiku katika nyumba ya kulelea wazee, hulipa nusu ya kodi ya nyumba, humpeleka mama yake kliniki, na arudipo asubuhi huwapikia wadogo zake wawili wa kiume, wenye miaka 19 na 21, kisha anaongeza kwamba akipata chuo cha mbali hakuna atakayeweza kumlaumu.

Swali lake, basi, si la vyuo vingapi. Ni la namna ya kuondoka nyumbani bila kusema kwamba anataka kuondoka. Kutaka kuondoka si kosa, na binti huyu amechoka kwa sababu za haki kabisa. Kosa ni kuikabidhi kamati ya udahili ya jimbo la mbali kazi ya kuwaambia wazazi neno ambalo mdomo wake unaliogopa. Mficha uchi hazai, na gharama ya kuficha hapa inapimika, kwani vyuo vya umma vya Marekani huwatengea wakaazi wa jimbo sehemu ya nafasi na kuwatoza karo ya chini, ilhali anayetoka jimbo jingine hulipa zaidi kwa maelfu mengi ya dola kila mwaka, kwa miaka minne. Sheria iliyopitishwa mwaka 2025 nayo imeweka kikomo kwa mikopo mipya ya serikali ya shirikisho kwa fani za namna hii kuanzia Julai 2026, dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla, hivyo karo ya mgeni pamoja na chakula na malazi inaweza kumtupa mikononi mwa wakopeshaji binafsi. Hilo ni deni la kuogopa mazungumzo ya jioni moja.

Wazazi nao hawana budi kuambiwa. Familia nyingi za wahamiaji zimesimama juu ya mabega ya binti wa kwanza, anayefanywa mkalimani, dereva, mpishi na mlipa kodi, na jambo hilo likishazoeleka huitwa malezi mema. Si malezi mema pale ambapo vijana wawili wenye afya, mmoja akiwa na miaka 21, wanamngoja dada aliyekesha kazini aje awapikie. Heshima kwa wazazi ni wajibu wa watoto wote wa nyumba, na kijana anayeweza kuendesha gari kwenda mpirani anaweza kumpeleka mama yake kliniki.

Tena kuhama nyumbani hakuhitaji kuhama jimbo: mwanafunzi wa St. Paul anaweza kupanga chumba karibu na chuo, akarudi kwao Jumapili kama mtoto na si kama mtumishi. Kama baada ya kuyasema haya bado moyo wake uko California, aende, na aende kwa baraka.

Minnesota iandikwe ya kwanza, Iowa State na Madison zifuate, kisha vyuo viwili au vitatu vya mbali anavyovipenda kwa mafunzo yake. Fomu hufungwa katikati ya Septemba. Kikao na wazazi, wadogo zake wakiwepo, kifanyike kabla ada ya kwanza haijalipwa.