Kutunga mchezo wa mezani kwa kamati za amani: sheria nazo zinafundisha

Wengi wetu tunaofanya kazi na kamati za amani tumezoea maigizo: kikundi kinasimama mbele ya watu, kinaonyesha ugomvi, kisha watazamaji wanaulizwa wangefanya nini. Somo hili linahusu namna nyingine, inayochezwa kwa kuketi. Watu watano au sita wanazunguka meza, kila mmoja anachukua nafasi ya mtu fulani, muongozi anasimulia yanayotokea, na wachezaji wanasema watakachofanya. Hakuna jukwaa, kwa hiyo hata mwenye haya anashiriki. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa ulitoka Marekani mwaka 1974, ukiitwa Dungeons & Dragons, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Ule ni wa mashujaa na majoka. Sisi tulichukua umbo lake, tukaweka ndani jambo tunaloishi nalo: ng'ombe na mashamba.

Katika wilaya za Fizi na Uvira, kiangazi kinapokausha majani, wafugaji huhamisha ng'ombe kutafuta malisho, na njia zao hupita kando ya mashamba. Kwa desturi mfugaji humpa chifu wa mahali itulo, yaani ushuru wa malisho. Ugomvi mwingi unaanzia hapo: nani apokee itulo, na kama mwenye shamba lililokanyagwa naye anapata kitu. Tukaandika watu sita: mfugaji, kijana anayemchungia ng'ombe, mama mwenye shamba la mihogo, chifu, mwuza nyama wa sokoni, na kijana mwenye bunduki.

Sheria zetu za kwanza zilikuwa rahisi. Anayetaka kufanya jambo gumu anatupa dadu mbili, akipata 8 au zaidi amefaulu. Mwenye bunduki anaongezewa 3, kwa kuwa tulitaka mchezo ufanane na maisha. Hatukupiga hesabu. Dadu mbili zinaweza kuanguka kwa namna 36, na katika hizo ni 15 tu zinazofika 8. Ukiongezewa 3, inatosha kupata 5, na namna za kufika 5 ni 30. Maana yake tulikuwa tumempa mwenye bunduki bahati mara mbili ya chifu anayepatanisha, tena bila kumtoza chochote.

Matokeo tuliyaona siku ya kwanza. Chifu alijaribu kupatanisha mara tatu, akashindwa mara tatu. Kijana mwenye bunduki alitwaa ng'ombe mara moja tu alipojaribu. Mzee aliyecheza nafasi ya mama mwenye shamba akasema, "Basi na mimi nipeni bunduki." Watu wakacheka. Lakini mlangoni walikuwa wamesimama vijana wawili waliotoka porini si zamani, na mmoja akamwambia mwenzake kwa sauti tuliyoisikia sote: "Unaona, hata hawa wa amani wanajua." Nilikuwa nimetayarisha mazungumzo ya saa nzima juu ya faida za upatanisho. Hayakuwa na nguvu tena. Dadu zilikuwa zimekwisha kufundisha.

Badiliko lilitoka mahali tusipotarajia. Pasta mmoja alitukataza kutupa dadu ndani ya kanisa, akisema huo ni mchezo wa kamari. Tukatafuta kitu kingine, tukapata mfuko wa kitambaa na maharagi: meupe 6 na mekundu 4. Anayejaribu jambo gumu anachota haragi moja bila kuangalia. Jeupe, amefaulu, jekundu, ameshindwa, kisha analirudisha. Mfuko ni mmoja kwa wote, na hapo ndipo tulipopata sheria tuliyokuwa tunaitafuta. Mwenye kutumia nguvu anafaulu papo hapo, hachoti, ila maharagi mekundu 2 yanaingia mfukoni. Mapatano yakifanywa na kutimizwa, kwa mfano mama akilipwa mihogo yake mbele ya mashahidi, linaingia jeupe 1.

Nguvu ikitumika mara mbili, meupe ni 6 kati ya 14, na kila mtu anaanza kushindwa: mfugaji hapati malisho, mwuza nyama hapati mteja, na hata mwenye bunduki anashindwa kuuza ng'ombe aliowanyang'anya. Hatumwambii mtu kwamba nguvu haifai. Inafaa, na wachezaji wanajua hivyo. Wanaona bei yake wanapotia mkono mfukoni.

Sheria nyingine zilikuja kidogo kidogo. Kijiji kinapewa jina la kubuni, na hakuna kabila linalotajwa mezani. Mfugaji wa kweli anacheza mkulima, na mkulima anacheza mfugaji. Kwa maoni yangu, hii ndiyo sheria ya kutoivunja kamwe. Tuliweka pia jiwe katikati ya meza: anayeona hadithi imefika karibu mno na msiba wake analigusa, na tukio hilo linaachwa bila maswali. Jiwe hilo liliguswa mapema kuliko tulivyofikiri, tena na mzee ambaye sote tulimwona mgumu.

Kuna jambo ambalo bado tunabishana. Siku moja mfuko ulikuwa umejaa mekundu kiasi kwamba wachezaji walikataa kuchota. Wakaweka mfuko chini, wakajadiliana muda mrefu, wakapatana wote sita. Mwenzangu alisema wamevunja sheria, kwani upatanisho ni jambo gumu na lazima uchotewe. Mimi niliandika katika daftari: wote wakikubali, hakuna kuchota. Yeye anaogopa kwamba hivyo amani itaonekana rahisi. Kwa sasa tunacheza kwa namna zote mbili, kijiji kimoja hivi, kingine vile, na baada ya mchezo tunawauliza wachezaji wenyewe ni ipi inayofanana na kwao.