Uamuzi wa Mchezaji na Hatima ya Kijiji: Simbi Nyaima na Michezo ya Video ya Kuigiza Wahusika

Utangulizi

Makala haya yanachunguza kinachowavutia watu katika michezo ya video ya kuigiza wahusika, hasa ile ambayo mwisho wake haukufungwa. Tunadai kwamba mvuto huo hautokani na wingi wa njia anazowekewa mchezaji, bali na uzito wa uamuzi wake. Kwa msomaji wa Masara na Nyanza Kusini kwa jumla, mfano bora wa uzito huo umo katika fasihi simulizi ya Waluo.

Kisaviini cha Simbi

Karibu na Kendu Bay, katika Kaunti ya Homa Bay, lipo ziwa dogo la kreta liitwalo Simbi Nyaima, yaani kijiji kilichozama. Inasimuliwa kuwa ajuza mmoja aliwasili kijijini wakati wa karamu, akaomba kukirimiwa. Wanakijiji walimfukuza, mwanamke mmoja tu ndiye aliyempokea. Ajuza alimwonya ahame, kisha gharika ikakimeza kijiji.

Uamuzi katika kisa hiki una sifa tatu. Kwanza, una gharama: kumkirimu mgeni ni kugawana chakula na kukiuka msimamo wa wenzako. Pili, anayeamua hajui matokeo. Tatu, matokeo hayafutiki.

Sifa hizo katika michezo

Mwaka wa 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha Dungeons & Dragons nchini Marekani. Katika mchezo huo, msimulizi hueleza hali, wachezaji huamua watakalotenda, na mara nyingi dadu huamua iwapo watafaulu. Kwa istilahi zetu, msimulizi huyo ni fanani, nao wachezaji ni hadhira iliyogeuka wahusika.

Tarakilishi iliurithi mtindo huo. Katika Ultima IV ya Richard Garriott, iliyotolewa mwaka wa 1985, lengo si kumwua adui mkuu bali kukamilika katika maadili manane. Mchezaji akimpa ombaomba sarafu, huruma yake huongezeka. Akimpunja mwuzaji kipofu, uaminifu wake hupungua. Hakemewi papo hapo: mchezo huhesabu kimyakimya. Nayo Fallout ya mwaka wa 1997 humalizia kwa kusimulia hatima ya miji ambayo mchezaji alipitia. Ajuza wa Simbi angeielewa mantiki hii bila kufunzwa.

Tatizo la hatima

Hata hivyo, tofauti moja haiwezi kupuuzwa. Mchezaji huweza kuhifadhi hatua aliyofikia, akaamua vibaya, kisha akarudi nyuma. Watu wa Simbi hawakuwa na pa kurudi. Uamuzi unaoweza kutenguliwa wakati wowote hupoteza sehemu ya uzito wake.

Tatizo la pili linamhusu yeyote atakayetaka kukigeuza kisa hiki kuwa mchezo. Mchezaji akiruhusiwa kuwashawishi wanakijiji wote wampokee ajuza, kijiji hakitazama, na kisaviini kitakuwa kimeangamia, kwa sababu kazi yake ni kueleza asili ya ziwa ambalo bado tunaliona. Asiporuhusiwa kubadili lolote, atabaki mtazamaji.

Tunapendekeza suluhisho lifuatalo. Gharika isibadilike, ila mchezaji avae uhusika wa mwanamke aliyeonywa. Amwonye nani kabla ya usiku kwisha? Jirani aliyemcheka ajuza anastahili kuokolewa? Ziwa litabaki, kitakachobadilika ni nani atakayesimama ukingoni asubuhi.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba michezo hii huvutia kwa sababu humrejeshea binadamu swali la kale: utafanya nini hali hujui mwisho? Fanani wa ngano humwuliza msikilizaji swali hilo kwa mfano wa mwingine. Mchezo humtaka alijibu mwenyewe. Ni wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili kuzikusanya simulizi za maeneo yao wakizingatia pale mhusika anapoamua, kwani hapo ndipo ngano na mchezo hukutana.