Jicho Lililopasuliwa Glakoma Likiwa Jekundu ni Dharura

Mkazi wa Kiwanjani akiamka na jicho jekundu, huenda akadhani ni vumbi na kununua matone kwenye duka la dawa. Kwa aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa glakoma, yaani presha ya macho, kuchelewa hivyo kunaweza kumpofusha.

Katika upasuaji wa kawaida wa glakoma, daktari hufungua njia ndogo ya kutoa maji ya jicho ili presha ishuke. Maji hayo hukusanyika chini ya ukope wa juu, kwenye uvimbe mdogo kama lengelenge. Utando wake ni mwembamba, na bakteria wanaweza kupenya hata miaka kadhaa baadaye.

Dalili ni wekundu, maumivu, usaha, kuumizwa na mwanga na kuona ukungu.

Maambukizi yakiwa kwenye lengelenge pekee, daktari wa macho hutoa matone ya antibiotiki ya kutiwa mara nyingi kwa siku na kumfuatilia mgonjwa kwa karibu. Yakiingia ndani, antibiotiki hudungwa ndani ya jicho lenyewe, na wengine huhitaji upasuaji tena.

Mgonjwa anashauriwa kufika siku hiyo hiyo katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Isiolo, ili apewe rufaa mapema ikihitajika. Aeleze mara moja kuwa jicho hilo lilipasuliwa, na abebe kadi na dawa zake. Asilisugue, wala asitie mitishamba au matone ya mtu mwingine.