Je, Ankara Hii ya Maji ni ya Kawaida?

Ankara ya maji inapopanda ghafla, wateja wengi hulalamika kwa kusema tu, "Nyumbani kwetu hatutumii maji kiasi hiki." Huenda ni kweli, lakini kauli hiyo haipimiki. Ankara za miezi 12 zikipangwa kwenye jedwali la kompyuta, kwa Excel au LibreOffice Calc, zinaweza kupimwa.

Andika miezi katika safu A na matumizi katika safu B, kuanzia B2 hadi B13. Jaza uniti, si shilingi, kwa kuwa bei hubadilika ilhali uniti moja hubaki lita 1,000.

Tuchukue mfano wa kaya iliyotumia uniti 11, 12, 10, 13, 12, 11, 14, 12, 13, 11, 13, kisha 38. Fomula =AVERAGE(B2:B13) inatoa wastani wa 14.2, kiasi kinachozidi matumizi ya kila mwezi isipokuwa ule wa mwisho. Namba moja imeuvuta wastani wote. Kwa sababu hiyo tunapendelea =MEDIAN(B2:B13), yaani namba ya katikati, ambayo hapa ni 12.

Sasa tafuta mpaka. =QUARTILE(B2:B13,1) inatoa 11, na =QUARTILE(B2:B13,3) inatoa 13; tofauti ni 2. Mtakwimu wa Marekani, John Tukey, alipendekeza tofauti hiyo izidishwe kwa 1.5, kisha ijumlishwe kwenye namba ya juu: 13 + 3 = 16. Mwezi unaozidi 16 unastahili kuchunguzwa, na 38 imeupita mpaka huo kwa mbali.

Kuchunguzwa, lakini, si kuhukumiwa. Jedwali halijui kama mlikuwa na msiba uliojaza wageni, au kama ankara imejumlisha miezi miwili. Kwa hiyo kagua tarehe za usomaji. Kisha funga koki zote usiku, andika namba ya dira, uisome tena alfajiri kabla mtu hajachota maji. Ikiwa imesogea, yaelekea bomba linavuja ndani ya uwanja wako.

Ikiwa haikusogea, peleka jedwali, nakala za ankara na picha ya dira kwa mamlaka ya maji inayokuhudumia, nawe udai uthibitisho wa kupokelewa wenye tarehe. Usiporidhika na majibu, ndipo uyafikishe malalamiko EWURA pamoja na vielelezo hivyohivyo.