SOMO LETU: KUCHAGUA CHUO CHA UDAKTARI AU UUGUZI — TUHESABU MPAKA MWAKA WA MWISHO



Kila mara matokeo ya kidato cha nne yakitoka, sisi wa ofisi ya maendeleo hapa Wenje hupata wageni wengi. Hivi karibuni alikuja mama mmoja mkulima wa maembe, pamoja na binti yake aliyepata B. Mama alifungua pindo la leso, akatoa barua tatu, akazipanga mezani. Ya kwanza ilikuwa nafasi ya udaktari katika chuo cha kibinafsi, mbali huko bara. Ya pili, udaktari katika nchi jirani. Ya tatu ilikuwa diploma ya afisa wa kliniki katika chuo cha serikali.

"Nyinyi mmesoma," akasema. "Niambieni, kipi rahisi?"

Tukamjibu, "Mama, rahisi mpaka lini?"

Hilo ndilo somo letu la leo.

KOSA TULILOFANYA SISI WENYEWE

Tunauliza swali hilo kwa sababu zamani hatukuliuliza. Kijana mmoja wa kijiji cha jirani alipata nafasi katika chuo fulani, nasi tukamsaidia kuandaa harambee. Watu walitoa mbuzi, kuku, na pesa za maembe. Karo ya mwaka wa kwanza ikapatikana yote, tukapiga makofi. Mwaka wa pili pesa zikawa hazipo. Kijana akarudi nyumbani bila cheti, na mbuzi wameshaliwa. Hakuna aliyekuwa mvivu pale. Ni sisi tulihesabu mwaka mmoja kwa kozi ya miaka mitatu.

KWANZA: JUENI KOZI NA MIAKA YAKE

Watu wengi husema tu "anasomea udaktari", yaani kazi yoyote ya hospitali. Tutofautishe.

Daktari husoma digrii. Hapa Kenya ni miaka 6, na Uganda na Tanzania ni miaka 5. Halafu kuna mwaka mmoja wa mazoezi kazini hospitalini kabla ya kupata leseni kamili. Afisa wa kliniki wa diploma husoma miaka 3, kisha naye ana mwaka wake wa mazoezi. Muuguzi anaweza kusoma diploma au digrii, na digrii ni miaka 4.

Zamani hapakuwa na la kuchagua. Mkenya aliyetaka kusomea udaktari Afrika Mashariki alikwenda Makerere, Uganda, ambako mafunzo hayo yalianza mwaka 1924. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza udaktari mwaka 1967, na Chuo cha Moi kule Eldoret kikapokea wanafunzi wa kwanza wa udaktari mwaka 1990. Leo vyuo ni vingi, vya serikali na vya kibinafsi. Vya Kanisa navyo vipo, kama Uzima kule Kisumu, na Bugando kule Mwanza, Tanzania. Kwa diploma kuna KMTC, ambayo ina matawi Garissa, Lamu, Kilifi, Mombasa na Msambweni, mbali na Nairobi na miji mingine. Kwa hiyo mzazi wa leo ana shida ambayo babake hakuwa nayo: shida ya kuchagua.

PILI: MAHALI NI PESA

Tukaketi na yule mama na binti yake, tukachukua daftari. Hapa tunaweka mfano wa hesabu tuliyoifanya. Tahadhari: namba hizi ni za mfano tu, si karo ya chuo chochote.

Chuo A (mbali):
Karo ya mwaka: 100,000
Nauli kwenda na kurudi 8,000, mara 3: 24,000
Chumba cha kupanga mjini 4,000, miezi 10: 40,000
Chakula 6,000, miezi 10: 60,000
Jumla ya mwaka: shilingi 224,000

Chuo B (karibu, kina hosteli):
Karo ya mwaka: 130,000
Nauli 2,000, mara 3: 6,000
Hosteli kwa mwaka: 15,000
Chakula 4,000, miezi 10: 40,000
Jumla ya mwaka: shilingi 191,000

Mnaona? Karo ya Chuo A ni ndogo kwa 30,000. Lakini mwisho wa mwaka, Chuo A kimekula 33,000 zaidi. Kwa miaka 3 hiyo ni shilingi 99,000. Barua ya chuo itakuambia karo. Nauli, chumba na ugali haitakuambia.

Na bado kuna sare, vitabu, ada ya mitihani, na usajili wa baraza. Ongeza pia muda wa kungoja. Mwaka 2024 madaktari wa Kenya waligoma kwa siku 56, na moja ya madai yao makubwa lilikuwa ni kupangiwa kazi na malipo ya wale walio katika mwaka wa mazoezi. Basi mzazi asiseme, "Akimaliza tu, mwezi ujao analipwa."

TATU: MAHALI SI PESA TU

Sisi wa Tana tunaijua barabara yetu. Mafuriko ya 1997 na 1998, ya 2018, na yale ya mwishoni mwa 2023 yalitukatia njia. Simu itapeleka pesa hata maji yakijaa, lakini mtoto mgonjwa haji nyumbani kwa simu. Ulizeni: mvua ikinyesha, anapita wapi? Ana ndugu yeyote katika mji ule?

Kuna wazazi pia wanaoogopa Garissa kwa sababu ya Aprili 2, 2015, siku wanafunzi wengi walipouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Hofu hiyo hatuidharau. Watu 148 ni wengi, na waliofiwa hawasahau. Chuo kile kilifunguliwa tena Januari 2016. Kila familia ipime yenyewe, izungumze na wanafunzi walioko huko sasa, isiamue kwa uvumi wa sokoni.

Upande wa pili, chuo kilicho karibu kina faida ambayo haimo kwenye risiti. Mwanafunzi anayefanya mazoezi katika hospitali za huku hukutana na malaria, kuumwa na nyoka, mama aliyechelewa kujifungua kwa sababu ya mto. Anajifunza wagonjwa wetu, na lugha zao.

Lakini tusielewane vibaya. Kama mtoto amepangiwa udaktari katika chuo cha umma, na ufadhili na mkopo vinafika, asikatae eti kwa sababu ni mbali. Eldoret ni mbali, ndiyo, lakini watu wanakwenda na wanarudi.

NNE: KABLA YA KULIPA HATA SHILINGI MOJA

1. Uliza kama kozi inatambuliwa. Daktari ni kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC), muuguzi ni kwa Baraza la Wauguzi, afisa wa kliniki ni kwa Baraza la Maafisa wa Kliniki. Kama chuo kiko nje ya nchi, uliza hapa Kenya kwanza. Mabaraza pia yana viwango vyao vya alama za masomo. Chuo kinaweza kumpokea mtoto, na baadaye baraza likakataa kumsajili.

2. Uliza habari za mkopo na basari mapema. HELB ndiyo ya mikopo, na zipo basari za kaunti. Uliza hasa: je, kozi hii katika chuo hiki inapata mkopo? Usitumie hesabu ya jirani wa mwaka juzi. Mwaka 2023 serikali ilileta mfumo mpya wa kufadhili vyuo vikuu, Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema ni kinyume cha Katiba, na kesi ikaenda kwenye rufani. Mambo hubadilika.

3. Lipa kwenye akaunti ya chuo tu. Nafasi ya KMTC haiuzwi. Mtu akikuambia "nitumie kitu kidogo kwa simu nikuingizie mtoto", huyo ni mwizi, hata kama amevaa tai.

4. Ongea na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Wa mwaka wa kwanza bado anashangaa majengo. Wa mwisho atakuambia karo imepanda mara ngapi.

5. Andika pesa zitatoka wapi kila mwaka, mpaka wa mwisho. Maembe ya mwaka huu yatalipa mwaka huu. Ya mwaka wa ukame je?

YULE BINTI ALIAMUAJE?

Hesabu ilipokwisha, udaktari wa kibinafsi wa miaka 6 ulikuwa umepita uwezo wa familia, na nyuma yake kuna wadogo wawili. Binti alinyamaza. Kisha akauliza, "Na kama ningekuwa mtoto wa tajiri wa Nairobi?"

Hatukuwa na jibu zuri, na hatukumdanganya. Tulimwambia pia ukweli mwingine: diploma ya afisa wa kliniki si njia ya mkato ya kuwa daktari. Anaweza kuendelea hadi digrii katika fani yake, lakini akitaka udaktari baadaye, ajiandae kuingia masomo yale marefu.

Hatukumchagulia. Alikwenda nyumbani na daftari, akarudi siku ya tatu na uamuzi: diploma, chuo cha serikali. "Hii naweza kuimaliza," akasema. Mama yake akazirudisha barua mbili kwenye leso. Ile ya tatu akaishika mkononi.

Mgonjwa akizidiwa hapa Wenje tunampeleka Hola. Siku moja tutafurahi kumkuta huyo binti pale mlangoni, amevaa koti jeupe, anatusalimu kwa lugha yetu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Katika kijiji chetu kuna kijana aliyeacha chuo kwa kukosa karo? Tulimsaidia mwaka wa kwanza tu, au tuliendelea naye?

2. Je, tunaweza kuanzisha mfuko wa kila msimu wa maembe, badala ya harambee moja kubwa?

3. Nani kati yetu ana ndugu Garissa, Malindi au Mombasa anayeweza kumpokea mwanafunzi wa Wenje?

Mwenye barua ya chuo aje nayo ofisini kabla ya kulipa. Daftari na kalamu tunazo.